Jenerali wa Sombe Aenda Kamanyola

Tangu nirudi sijapumua. Kwenye chumba cha walimu, kanisani, hata kwa kinyozi, swali ni lile lile: Prof, tumesikia ulikamatwa na karatasi za vita, ilikuwaje? Nimejibu vipande vipande mpaka kila mtu ana kipande chake, na vingine vimeshaota miguu. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, anayetaka asome. Salehe naye asome, maana nusu ya aibu hii ni kazi yake.

Kwa wasiotujua: sisi tulikuwa watu wanne tunaocheza vita vya mezani. Si karata wala dama. Tuna meza pana yenye vilima vya matambara, mto wa utepe wa bluu, na askari wa udongo wenye kimo cha kidole gumba, tuliowafinyanga wenyewe na kuwapaka rangi ya kucha. Tunapima mwendo wao kwa futi ya fundi cherehani, tunarusha dadu, na anayekufa anatolewa mezani. Sharti la kwanza ni kwamba vita vya kwetu hatuchezi, hata kwa mzaha. Ndiyo maana falme zetu ni za chakula. Salehe, muuza vitenge sokoni, ambaye babu zake walifika hapa na biashara ya ziwani, anatawala Ndagala, yaani dagaa. Mama Neema, mwenye duka la dawa hapa Nyamianda, mjini Uvira, anatawala Maharagwe. Mimi mwalimu wa jiografia ni jenerali wa Sombe, mboga ya majani ya muhogo. Na Enoki seremala, aliyetutengenezea meza yenyewe, ambaye kwao ni juu milimani kwa watu wa ng'ombe, alikuwa mfalme wa Maziwa.

Nasema alikuwa. Mwaka jana vita vya kweli vilipita kwao. Kaka yake akafa. Shemeji yake akashuka na watoto wanne na ng'ombe wachache mpaka Kamanyola, na Enoki akafunga karakana yake ya Uvira akawafuata ili awalee. Tulimwandikia. Alijibu mara mbili, kisha akanyamaza, na kimya chake kikafika miezi tisa. Mimi na Enoki tulikaa upande mmoja wa meza kwa miaka sita. Sitaficha, hamu ya kumwona ilinila mpaka Jumapili zikawa siku ndefu kuliko zote. Vakansi ya shule ilipofika nikatangaza kwamba naenda konje Kamanyola, kupumzika. Hakuna mtu aendaye Kamanyola kupumzika. Salehe na Mama Neema walijua vizuri kwamba naenda kumwomba Enoki arudi, lakini hakuna aliyelisema. Walinicheka tu, kama kawaida yetu.

Nyamianda: juu ya jeshi la adui

Kwetu mchezaji akisafiri vita havisimami. Anaacha amri kwa maandishi, karatasi moja kwa kila Jumapili, na wanaobaki wanazitekeleza neno kwa neno hata zikiwa za kipumbavu. Hasa zikiwa za kipumbavu. Nilimwachia Mama Neema karatasi mbili, nikatia nakala zake mkobani ili nijue nimeamuru nini. Mkobani humo nilitia pia askari kumi na wawili wa Maziwa, nimewafunga kwa kitambaa. Enoki ndiye aliyewafinyanga, na nilitaka awaone kabla sijafungua mdomo.

Usafiri alinitafutia Salehe, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Lilikuwa kamio, lori lililopakia ndagala wakavu, magunia mpaka juu, na juu ya magunia abiria sita. Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Saa tano tulikuwa bado tumekaa pale pale, dereva anangoja gunia moja ambalo mwenyewe alisema limeshafika tangu jana. Harufu iliingia kwenye shati, ikaingia kwenye nywele, ikaingia kwenye mandazi aliyoniletea Mama Neema. Pamoja na mandazi alinipa dawa ya tumbo, akieleza abiria wote kwamba majenerali wengi hawafi kwa risasi, wanafia chooni.

Salehe alikuja kuniaga akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Alilizunguka kamio polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride.

"Mon général," akasema, "vita haviyaanza, na tayari jeshi langu limekubeba mugongoni."

Abiria walicheka mpaka dereva akatoa kichwa nje. Salehe hakuishia hapo. Aliuliza kama nimebeba mto wa kulalia, na kama Sombe ipikwe Jumapili hii au imngoje mwenyewe arudi aone inavyoliwa. Nilimjibu nilivyoweza, ila kwa ulimi simwezi, na mtu aliyekaa juu ya ndagala hana heshima ya kutetea.

Kamio lilipowaka, Mama Neema alisogea. Hakufikia mkono wangu, akashika kiatu. "Umuambie tunamungoja," akasema, na safari hiyo hakuwa anatania. Salehe aligeuka akatazama ziwani mpaka tulipoondoka.

Bariere: amri za Sombe

Tuliacha ziwa nyuma, tukaingia uwanda wa Ruzizi, vumbi mbele na vumbi nyuma. Jirani yangu juu ya magunia alikuwa mama mmoja anayeitwa Mama Sifa, anarudi kwake Luberizi na gunia la chumvi. Tulielewana mapema. Alikula mandazi yangu mawili, akanipa karanga, akaniuliza nina watoto wangapi na kwa nini ni wachache hivyo.

Simu ikapata mtandao, ikalia. Ilikuwa sauti aliyoirekodi Salehe kunichokoza kabla ya Jumapili, nami kwa kuwa upepo ulivuma niliifungua kwa nguvu zote. Ikasikika juu ya kamio zima: "Mon général, Ndagala wamevuka muto. Daraja tumelichoma. Askari wako mia wamelala chini. Tunangoja amri yako."

Hakuna aliyecheka. Mama Sifa alivuta gunia lake la chumvi akalipakata, halafu akasogea kando kwa kadiri ya nafasi iliyokuwepo. Nilianza kueleza kwamba ni mchezo, lakini mtu anayesema ni mchezo baada ya maneno kama yale, nani atamwamini? Tulipofika bariere ya askari iliyoko kabla ya Luberizi, abiria mmoja aliteremka kwanza akaenda kunong'ona na waliokuwa pale. Simlaumu. Hata mimi ningenong'ona.

Waliniita chini na mkoba wangu. Afisa aliyeufungua alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na upole wake ndio ulionitisha. Alisoma karatasi zangu taratibu, kidole chini ya kila mstari. Ziliandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: Sombe wavuke mto alfajiri. Ndagala wakitoka kijijini wapigwe ubavuni. Maharagwe wasiaminiwe.

"Sombe ni nani?" akauliza.

"Ni minye mwenyewe, chef."

"Na Ndagala?"

"Ni rafiki yangu. Iko anauza vitenge."

Akaandika kitu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujifunga. Aliuliza mwalimu mzima kama mimi anachezaje askari wa udongo, na kama wanafunzi wangu wanajua. Nikasema wanajua. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniomba namba ya huyo Ndagala.

Hapo nilidhani nimepona. Kumbe nilisahau tulivyo. Katika miaka yetu yote, kila anayesafiri huwapigia wenzake akijifanya kanali, gavana au mjumbe wa mfalme, na wenzake humjibu kwa mtindo huo huo. Afisa alipojitambulisha kwa cheo chake na kuuliza kama anamfahamu jenerali wa Sombe, Salehe aliamini ni mimi nimebana pua. Nilisikia jibu lake kutoka nilipokaa. Alisema jenerali huyo ni mwoga maarufu, jeshi lake lote limeshafungwa kamba, na kama wamemshika basi wamkaze vizuri, fidia italipwa kwa mihogo.

Afisa alikata simu, akavua miwani, akaifuta. Nikamwomba kwa jina la Mungu apige namba nyingine. Mama Neema, ambaye amezoea kuongea na wagonjwa wasioeleweka, alimaliza jambo hilo kwa dakika chache. Sijui alisema nini juu yangu. Ninajua tu kwamba afisa alinitazama kwa huruma mpaka mwisho wa simu.

Ilibaki kitambaa. Alikifungua, akawapanga askari wa Maziwa mmoja mmoja juu ya meza ya plastiki, akataka kujua wanatembeaje. Nilimwonyesha. Wenzake wakasogea. Mwishowe akamgusa mmoja. "Huyu wa pembeni atakufa kwanza. Mumuvute nyuma," akasema. Alisema kweli, ni kosa letu la siku nyingi. Ila saa mbili zilikuwa zimepita, na kamio lilikuwa limekwenda na ndagala wake.

Luberizi: bila kupanga

Pikipiki ilinifikisha Luberizi alasiri, na hakukuwa na gari tena la kuendelea. Nilisimama kando ya barabara nikitazama mashamba ya mpunga na ng'ombe wanaorudi. Wakati huo nilikuwa nimebakiza mwendo mfupi tu, na bado nilimwona Enoki yuko mbali kuliko nilivyomwona kutoka Uvira. Miezi tisa nilijiambia ni kazi inayomzuia kujibu. Sasa nilianza kuogopa kwamba labda hataki kuniona.

Aliyenikuta pale ni Mama Sifa. Alifikiri nimepelekwa mahali nisikorudi, na aliponiona na mkoba wangu aliona haya kidogo, nami nikaona haya zaidi. Akasema twende kwake, mgeni halali barabarani. Mume wake alinipokea bila swali. Tulikula wali mpya wa shamba lao, mchicha tunaouita lenga-lenga, na ndagala wa mchuzi, nami nikamla Salehe mpaka nikashiba.

Baada ya kula Mama Sifa aliniuliza jambo lililokuwa moyoni mwake tangu juu ya kamio. Hakuuliza kwa hasira. "Prof, minye nimekimbia mara tatu. Mara ya pili nilikuwa na mimba. Na weye unakaa kwa meza, unacheza vita?"

Nilimwambia kwamba vita vyetu havina mtu wa kweli ndani, na wanaokufa wanawekwa kwenye kasha, Jumapili inayofuata wanasimama tena. Alifikiri. Akasema hapo iko vizuri, ingefaa wote wawe hivyo, kisha akaniongezea wali. Mimi jibu langu halikunitosha usiku ule. Kwa miaka sita nimelitoa kwa kila anayeuliza, na mara zote nimeridhika nalo.

Kamanyola: maziwa

Nilifika Ijumaa, mchana. Enoki nilimkuta sokoni nyuma ya ndoo zake za maziwa. Alikuwa amekonda, mvi zimeingia kwenye ndevu. Aliniona, akafunika ndoo kwanza kama mtu mwenye akili, ndipo akanikumbatia. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko desturi, wateja wakasubiri.

Nyumbani shemeji yake alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, na kila nilipokimaliza kilijazwa. Tulizungumza habari za mvua, za shule, za bei ya mbao. Enoki alinishukuru kwa kuja, nami nikamshukuru kwa kunipokea. Jumamosi vivyo hivyo. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana, na adabu hiyo ilikuwa inaniua. Huyu ni mtu ambaye zamani alikuwa ananisalimia kwa kuuliza kama shule imeshagundua kwamba sijui kusoma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumapili Enoki alinipa bidoni la maziwa nibebe, na njiani nilijipa moyo. Tuliporudi kutoka ibadani nikakifungua kitambaa mbele yake. Watoto wa marehemu waliwaona askari, wakaniomba, wakaondoka nao hadi kwenye beseni la maji. Hawakuwapiganisha. Waliwapiga miluzi na kuwaswaga, wakawanywesha, wakamfokea mmoja aliyetaka kupotea. Kwa watoto wale vitu kumi na viwili vinavyokwenda pamoja ni ng'ombe.

"Rudi mezani, Enoki," nikasema. "Hata mara moja kwa mwezi. Minye nitakulipia gari."

Aliwatazama watoto. "Jeu, muchezo wetu, niliipenda sana, Prof. Wafu wetu wanasimama Jumapili ingine, njo sababu niliipenda. Sasa njo hiyo inaniumiza. Kila mumoja nitamutoa kwa meza, nitaona ndugu yangu mukubwa. Siwezi."

Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilielewa. Lakini hakuwa amemaliza. Sauti yake ilibadilika.

"Hiyo haikukatisha urafiki. Ni nyinyi mulikatisha. Minye nilizika ndugu, nanyi mukanizika minye. Salehe, muntu aliyesimama kwa arusi yangu akasema bibi arusi amepotea nyumba, Salehe huyo alinitumia dua. Mama Neema, pole sana. Weye, aya za Biblia. Kila siku pole, pole. Nikaona nimekuwa mufu kwenu. Mufu anajibu simu?"

Sikuwa na pa kuficha uso. Msiba ulipotokea tulikutana watatu tukakubaliana kwamba utani kwa Enoki usimame mpaka apone. Tulidhani ni heshima. Hata watani wa kwetu huenda msibani kutania, ili waliobaki wajue kwamba wako hai, nasi tulilijua hilo tangu utotoni. Na aliyetoa wazo la kunyamaza nilikuwa mimi. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa alistahili kujua.

Kabla hajajibu, simu yangu ililia. Salehe. Enoki akaichukua mkononi mwangu akaifungua mwenyewe. Salehe alikuwa anatangaza kwa huzuni kubwa kwamba leo wametekeleza amri yangu neno kwa neno: nimewatuma wapanda farasi wangu wote mtoni, mahali pasipo kivuko, wamezama wote, Mama Neema amelia, na wananitakia konje njema.

Enoki alicheka. Alicheka mpaka shemeji yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kutazama kuna nini. Enoki akairudia sauti ile toka mwanzo. Kisha akabonyeza kurekodi, akasema: "Salehe, mwivi wa vitenge. Nasikia unamupiga mwalimu sababu minye siko. Hapa Kamanyola hata paka wanakataa ndagala wako."

Tukangoja, simu katikati yetu. Jibu lilikuja na lilikuwa refu. Hakukuwa na neno ndani yake. Ilisikika redio ya jirani, mlango ukifungwa, na mwanamke aliyeuliza kitenge ni bei gani, akauliza mara ya pili, hakujibiwa. Ikaisha hivyo.

"Salehe amekosa neno," Enoki akasema, akafuta macho kwa kiganja.

Nilimuuliza kwa mara ya mwisho kama atarudi Uvira. Akasema hapana, watoto wako hapa, na kwenye meza tumtafute mtu mwingine akae pale pake. Aliisema taratibu ili isiniume, ikaniuma.

Kurudi: barabara ile ile

Niliondoka Jumatatu asubuhi, nikawaacha ng'ombe kumi na wawili kwa wenyewe. Enoki alinisindikiza mpaka garini, akamwambia dereva aniangalie kwa sababu mwalimu huyu hukamatwa. Bariereni nilipita salama. Sikula njiani. Ziwa lilipoonekana nilifurahi kama kila anayerudi Uvira, na papo hapo nikatamani niwe nimekaa tena pale kwenye kiti cha Enoki, kikombe cha maziwa kikijazwa.

Salehe alikuwa amesimama mahali gari linaposhushia. Alikuwa amefunga duka, Jumatatu, saa nane mchana. Hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

"Amekonda?"

"Amekonda."

"Atarudi?"

"Hapana. Hata kwa meza hapana."

Akachukua mkoba wangu, tukatembea. Baadaye akauliza kama Enoki aliicheka kweli sauti yake ya Jumapili. Nikamwambia alicheka, na alirudia kusikiliza mara ya pili. Nikamweleza na lile la pole pole, jinsi tulivyomzika mtu aliye hai. Mlangoni kwangu akanirudishia mkoba.

"Basi nitamutukana kila siku," akasema, "mpaka afe ao nife minye."

Na anafanya hivyo. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka anamtumia Enoki tusi moja la utani, jipya, na Enoki hujibu kabla ya maziwa kuisha. Mama Neema naye ameanza. Mimi najaribu, lakini kipawa hicho sina. Naandika neno la kumkera, nalifuta, kwa sababu kila nikianza kumwandikia Enoki moyo wangu una jambo moja tu. Juzi nikaacha kujitahidi, nikaliandika lilivyo: Enoki, nina hamu nawe.

Alijibu papo hapo. Alisema jenerali wa Sombe anaandika kama muchumba, nimuulize kwanza shemeji yake mahari ni ng'ombe wangapi. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka Salehe ajue.